Usukani Niliopewa kwa Dharau

Usukani wa gari la baba nilipewa ili nichekwe. Nasema hivyo mapema, mtu asije akadhani niliurithi kwa mapenzi, au kwamba ukoo wetu ulikaa chini ukaona vyema binti naye apate kumbukumbu ya baba yake. La. Nilipewa kwa kicheko, mbele ya watu waliojaa uwanja mzima kule Bumula, nami nikapiga magoti nikapokea. Waliocheka siku hiyo hawakunijua vizuri.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani ya Kiingereza, ya rangi ya kijivu ambayo baba alikuwa akiirudia kwa brashi ya kupakia kuta kila ilipochujuka. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa Kitale aliyekuwa akifunga shamba lake, kabla mimi sijazaliwa, na tangu hapo ikabeba kila kitu kinachobebeka Bungoma: vitunguu, mahindi, matofali, maharusi, majeneza. Siku za soko la Misikhu baba aliliwasha alfajiri, na mama alipenda kusema kwamba jogoo wetu hawiki mpaka asikie gari. Usukani wake ulikuwa mweusi, mwembamba, mpana kuliko sinia la ugali wa harusi. Kona hukuikata kwa vidole kama madereva wa siku hizi. Uliikata kwa mabega na kwa kiuno.

Mama alizaa mara moja tu, akanizaa mimi. Watu wakamshauri baba aoe mke mwingine ili apatikane kijana wa kuendesha gari. Baba akanikalisha mimi kwenye kiti cha dereva, akaniwekea mto chini nione barabara, akawaambia dereva amepatikana. Nilijifunza gia katika shamba lililokwisha kuvunwa, nikiangusha mabua yaliyobaki, naye kando yangu anacheka mpaka kofia inamtoka. Ndiyo maana nikiambiwa kuna kazi ya wanaume na kazi ya wanawake huwa nauliza aliyeigawa ni nani, na aligawa akiwa amekaa wapi.

Nikaja kuolewa Kitale, kwa watu ambao wazee wao walitoka Mkoa wa Kati wakanunua mashamba Trans-Nzoia. Mimi na mume wangu tuna duka la vyakula vya mifugo. Mama mkwe alinipokea kwa wasiwasi, na simlaumu, kwani hata kwetu Bumula walikuwa na wasiwasi wao. Wasiwasi wake uliisha siku aliponiona nikirudisha lori la pumba kinyumenyume mpaka mlangoni bila kugusa nguzo. Akamwambia mwanawe kwa Kikuyu kitu ambacho hadi leo wanakataa kunitafsiria, lakini siku hiyo nilipewa chai ya maziwa matupu.

Kisha macho ya baba yakaanza kufifia. Mama alikuwa amekwisha kutangulia kaburini. Ng'ambo ya ua wa michongoma alikaa ndugu yake mdogo, baba yangu mdogo, ambaye hajui kuendesha hata baiskeli, na huyo ndiye aliyeanza kuja kila jioni kudai ufunguo. Alisema ni kwa usalama wa mzee. Baba alimsikiliza, akamaliza chai yake, akamjibu jibu lile lile kila mara: "Mimi nitaacha hii gari siku stering itaacha chuma yake."

Alijua alichosema. Usukani ule haukuwa umetoka kwenye mhimili wake tangu utoke kiwandani. Fundi mmoja wa Bumula aliwahi kujaribu kuung'oa atengeneze waya wa honi, akatokwa jasho kutwa nzima, mwishowe akashauri tuwe tunapiga mluzi.

Miaka ile ya mwisho ya baba, nilikuwa nikitoka Kitale kuja kumpeleka kliniki ya macho Lugulu. Nilikuwa na pikapu yangu nzuri, lakini hakutaka kuipanda. Tuliacha yangu uani tukapanda yake. Alikaa kushoto, na tukishaingia barabarani alinyoosha mkono wake wa kulia akaushika usukani kwa chini, upande wake, asiuvute wala kuuzuia. Aliushika tu. Kwa mtetemo wake alijua tulipo. "Hapa ni Webuye," alikuwa akisema, na kweli tulikuwa Webuye. Pale alipokuwa akiweka kidole gumba, rangi nyeusi ilikwisha kulika, pakawa laini kama mpini wa jembe la zamani.

Baba alifariki kitandani kwake, akiwa na ufunguo chini ya mto.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi watu hukusanyika wakanyolewa nywele, kisha mali ya marehemu hutajwa na kugawanywa hadharani. Anayepewa ng'ombe huitwa mbele, akapiga magoti, akawekewa kamba viganjani. Hakuna karatasi. Kamba ikishaingia mkononi na watu wameona, basi, na kinachotolewa pale hakirudi. Baba mdogo ndiye aliyegawa. Alisimama na fimbo ya baba mkononi, akagawa ng'ombe kwa wapwa na binamu kamba baada ya kamba, na mimi nikapewa sufuria kubwa ya mama na kuku. Habari ya shamba siiweki hapa. Hiyo ni vita nyingine na bado naipigana.

Akafika kwenye gari.

"Gali ni ya boma," akasema. "Itabaki kwa boma."

Boma lenyewe ni yeye. Nikasimama. Nilihisi macho ya wanawake wenzangu yakinivuta nguo nikae, lakini nilishasimama.

"Baba," nikamwita, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa, "hiyo gari mimi ndiye nimekuwa nikiendesha. Naomba nipewe mimi."

"Nani anaomba?"

"Mimi. Mtoto wake."

Akatazama umati kama mtu aliyeletewa kitu asichokiagiza. "Ndugu yangu hakuacha mtoto," akasema. "Aliacha msichana. Na msichana ameolewa, ameenda. Ati gali itoke hapa iende kubebea watu wa Kitale pumba?"

Watu wakacheka. Nimewahi kutukanwa sokoni na madereva wa malori, na nimewajibu kwa lugha yao. Lakini neno lile, kwamba baba yangu hakuacha mtoto, liliingia mahali ambapo matusi hayafiki. Ningeweza kufa pale kwa hasira. Nikabaki nimesimama.

Kicheko kilimnogea. Akainua fimbo. "Si unapenda ile stering sana? Kila siku iko kwa mkono yako. Basi beba stering! Hiyo nimekupea. Gali ibaki." Akangoja wacheke, wakacheka. "Kama itakubali kutoka!"

Hapo ndipo nilipokwenda mbele. Nilipiga magoti kama walivyopiga waliopewa ng'ombe, nikanyoosha viganja viwili. Hakuwa na kamba ya kuniwekea. Akasitasita, halafu ili kicheko kisimfie mikononi akanigusa viganja vyote viwili kwa ncha ya fimbo.

"Nimepokea," nikasema.

Dada yake baba alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni. Sisi humwita senge, na ndiye mkubwa aliyebaki katika nyumba ile, mkubwa hata kwa baba mdogo. Hakuwa amecheka. "Tumeona," akasema.

Nilitaka kuutoa siku ile ile. Neno la namna ile likilala linapoa, na kesho yake ungesikia kwamba mzee alikuwa anatania. Nikakunja mikono ya gauni la matanga, nikachukua boksi la spana kwenye pikapu yangu. Wanaume wakageuza viti vyao kuelekea gari la baba, wakaketi tena. Kwao ilikuwa sehemu ya pili ya burudani.

Kitu cha kwanza nilichofanya kiliwachekesha zaidi. Nilibandua kifuniko cha honi, nikatoa mkoba wangu, nikachukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, nikachora mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye ncha ya mhimili hadi kwenye kitovu cha usukani. "Ona, anapaka gari kucha!" kijana mmoja akapiga kelele. Baba ndiye aliyenifundisha. Usifungue kitu kabla hujakitia alama, alikuwa akisema, kwa sababu kufungua ni nusu ya kazi. Yeye alitumia msumari. Mimi nilitumia nilichokuwa nacho.

Nati ilikuwa kubwa na imeshikana na kutu. Nilining'inia kwenye mpini wa spana kwa uzito wangu wote, na namshukuru Mungu sikunyimwa uzito. Mara ya kwanza spana iliteleza, vifundo vya vidole vikachubuka kwenye dashibodi, damu ikatoka. Mara ya pili nati ikalia, ikaanza kuzunguka. Nikaifungua mpaka karibu na ncha, nikaiacha imeshikilia kwa nyuzi chache.

Yule fundi wa Bumula wa siku za honi alikuwepo, amekaa kando ya baba mdogo. "Toa hiyo nati yote, mathe," akasema. "Halafu unapiga nyundo kutoka nyuma. Itaruka yenyewe."

"Ikiruka itaishia kwa meno yangu," nikamwambia. "Na nyundo itaipinda. Mimi nimepewa stering, sijapewa vyuma chakavu."

Niliuvuta nikiwa nimekaa, magoti nimeyasukumia nyuma yake. Niliuvuta nimepanda juu ya kiti. Niliutingisha kushoto, kulia, kushoto, magurudumu ya mbele yakawa yanachimba udongo na gari zima linayumba, lakini kitovu hakikuachia hata upana wa unywele. Vijana walikuwa wakinihesabia kwa sauti kama wachezao kuvuta kamba. "Tulia, mathe, hiyo haitoki bana," mmoja akasema, na ninaamini alisema kwa huruma. Huruma yake ilinichoma kuliko kelele za wengine.

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na tairi la mbele muda wote. Wanaume wa pale walikuwa wakimtazama waone kama atanikemea, au atanisukuma kando ashike kazi mwenyewe. Akanisogelea akauliza kitu kimoja tu: "Unataka nini?"

"Pula," nikasema. Hicho ni kifaa cha kuvutia, chenye mikono miwili inayoshika kitu kwa nyuma na bolti katikati inayosukuma.

Akapanda boda akaenda Bungoma mjini. Karakana za kule hakuzijua wala hazikumjua. Sijui aliwaambia nini, lakini alirudi na pula imefungwa kwenye gunia, nzito, ina grisi mpya. Siku hiyo nilimpenda upya.

Pula ikashika. Nikakaza bolti mpaka mikono ya chuma ikaanza kutoa mlio mwembamba, na hapo nikaacha, maana nikizidisha ingevunjika kitu, na kitu chenyewe kingekuwa cha thamani. Usukani haukuachia. Wageni wengine wakaanza kuaga. Baba mdogo akainuka, akajinyoosha, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mmeona? Hata gali yenyewe imekataa mwanamke."

Niliinamisha kichwa juu ya usukani. Paji langu liligusa pale chini kushoto, pale palipolika. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira na baba mwenyewe. Kwa nini aliushikilia hivi? Alikuwa anamzuia nani? Nikakumbuka kwamba siku fulani tukiwa njiani, kifuniko cha rejeta kiligoma kufunguka, naye akasema chuma hakibishani na nguvu, chuma kinabembelezwa kwa joto. Moto nisingeweza kuusogeza pale, plastiki ya usukani ingeyeyuka. Lakini uani kwetu kulikuwa na matanga, na penye matanga pana jiko ambalo halizimwi.

"Senge!" nikaita. "Kuna maji ya chai yamechemka?"

Hakuuliza ya nini. Alikuja na birika kubwa la kanisa, amelibeba kwa leso, hatua zake ndogo ndogo, mvuke unamfuata. Wanaume wakapisha njia kwa sababu maji moto hayajui baba wa mtu. Nikazungushia kitovu matambara, senge akamimina polepole, mimi nikishika tambara lisidondoke, na tukaendelea kumimina mpaka chuma chote kikawa hakigusiki. Maji yalikuwa tayari yametiwa majani, kwa hivyo gari la baba lilinuka chai. Nikakaza bolti robo ya mzunguko. Nikachukua nyundo ndogo, nikagonga kichwa cha bolti mara moja.

Ukaachia kwa mlio kama wa risasi. Watoto walikimbia. Usukani uliruka ukagota kwenye ile nati niliyoiacha, ukatulia, ukabaki unacheza mikononi mwangu kama jino la mtoto lililolegea. Nililia, na sikujificha. Nililia kwa sauti kuliko nilivyolia kaburini, kwa sababu nilikuwa nimemsikia tena: nitaacha hii gari siku stering itaacha chuma yake. Basi ameacha, nikajiambia. Na aliyekuwa ameshika ni mimi.

Nikafungua nati, nikauvua usukani, nikauvaa begani kama mkoba. Nilimuaga baba mdogo kwa heshima zote, kwa mikono miwili. Hakucheka tena, lakini pia hakuwa na wasiwasi. Aliona nimeondoka na duara la plastiki.

Tulirudi kwa njia ile ile ya kliniki, Webuye, Lugulu, Misikhu, mume wangu akiendesha na mimi nimeupakata. Kitale niliutundika dukani ukutani, juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo wenzangu hutundika kalenda. Kila mteja aliuliza. Niliwajibu wote sawasawa: "Hilo ni gari langu. Sehemu zilizobaki ziko njiani." Wengine walidhani nina kichaa kidogo. Kichaa kidogo hakiharibu biashara.

Mvua za masika zilipita. Senge akanipigia simu, anacheka mpaka maneno hayatoki. Kumbe kulikuwa na mnunuzi wa magari ya zamani aliyekuja kutoka Nairobi, mtu wa miwani myeusi na viatu vyeupe, akalipenda gari la baba. Aliuliza usukani uko wapi. Baba mdogo akamwambia uko kwa fundi, kisha akatafuta wa lori bovu, haukuingia, meno ya ndani hayakulingana na ya mhimili. Akatafuta wa trekta. Yule wa viatu vyeupe akasema gari la namna hii linanunuliwa likiwa zima, na usukani wake wenyewe, au halinunuliwi. Akaacha nambari yake ya simu akaenda zake.

Nilijua basi kwamba baba mdogo atakuja, na akaja. Aliingia dukani asubuhi, amevaa koti la mazishi. Nilimpa kiti, nikamwagizia chai na mandazi, nikauliza habari za watu wote wa nyumbani mmoja mmoja. Alijibu huku macho yake yako ukutani.

"Ile kitu umeiweka vizuri," akasema mwishowe.

"Ni yangu, baba. Ulinipea."

"Ilikuwa mchezo tu. Si unajua watu wakikaa wanacheka?"

"Ulinigusa mkono na fimbo ya mzee."

Akataja pesa. Sikumuacha afike kwenye kiasi, nikamwambia siuzi. Akabadilisha njia, akawa mkali. "Sasa stering bila gali ni ya nini? Utaendesha hewa?"

"Na gari bila stering ni ya nini?"

Akasukuma kikombe chake kando.

"Unataka nini, wewe?" akauliza.

Nilikuwa na jibu tangu siku ya kunyolewa. "Neno ulilisema mbele ya watu. Uite watu. Nataka useme baba yangu aliacha nini."

Alisimama akaacha andazi lake nusu. Mlangoni akaniambia gari litaozea pale kabla hajaniitia watu. Nikamwambia lioze, usukani nimeupaka mafuta, mimi sina haraka. Aliondoka bila kuaga, na niwe mkweli, nilikosea kuwarudishia wateja chenji mpaka saa za chakula. Si rahisi kumwambia mtu unayemwita baba maneno kama hayo. Lakini nilipoutazama ukuta, sikuona neno la kurudisha.

Aliyemvunja si mimi. Ni senge, na ni Bumula yenyewe. Gari lilikuwa limesimama katikati ya uwanja wa boma bila usukani, mhimili umetokeza kama shingo ya kuku aliyechinjwa, na kila apitaye alisalimia gari kwanza kabla ya kumsalimia yeye. Sokoni walimwita dereva. Akaenda kwa wazee wa ukoo kulalamika kwamba nimekatalia mali ya boma. Wazee wakamwita senge aeleze alichokiona, naye akawauliza swali moja tu, ambalo alinisimulia mwenyewe. Aliwauliza: "Nyinyi mmewahi kuona wapi mtu amepewa kamba mkononi, halafu ng'ombe akabaki?"

Tulikusanyika tena uwanja ule ule. Hawakuwa wengi kama mara ya kwanza, lakini walitosha. Nilikuja na mume wangu, na mama mkwe wangu pia, aliyesema hawezi kukosa jambo kama hilo hata kama haelewi Kibukusu. Usukani nilikuwa nimeuvaa begani. Baba mdogo alisimama na ile fimbo, akatazama chini, akasema kitu kwenye kola ya shati lake.

"Rudia," senge akasema. "Hatujasikia."

Akakohoa. "Nimesema hii gali ni ya mtoto wa ndugu yangu."

"Nani?"

"Mtoto!" akapaza sauti, na sasa hata jirani wa ng'ambo ya barabara lazima alisikia. "Ndugu yangu aliacha mtoto. Ndiye huyu. Achukue gali ya baba yake."

Nikapiga magoti, nikanyoosha viganja. Safari hii alikuwa na kitu cha kuweka: ufunguo. Ulikuwa na joto, bila shaka alikuwa ameukunja mkononi asubuhi yote. Sikushangilia. Nilidhani nitashangilia, nilikuwa nimejitayarishia hata vigelegele, lakini nilibaki nikilirudia neno lile moja moyoni.

Nikaenda kwenye gari. Kuku walikuwa wametagia kwenye kiti, nikawahamisha kwa adabu. Nilifuta mhimili kwa kitambaa, nikaupaka grisi, nikauleta usukani mahali pake. Mstari mwekundu wa kwenye mhimili ulikuwa bado upo. Mstari mwekundu wa kwenye kitovu ulikuwa bado upo. Nikauzungusha kidogo mpaka mistari ikakutana, nikasukuma, meno yakaingia ndani ya meno bila ubishi wowote. Yule fundi wa Bumula akasogea akaangalia, akasema, "Imekaa sawa." Nati nikaikaza mwenyewe.

Betri tulikuja nayo kutoka Kitale. Gari lilikohoa, likakataa, likakohoa tena, likawaka, na moshi wake mweusi ukawafukuza waliokaa nyuma. Senge alikuwa ameshapanda kushoto na mkoba wake mapajani. Alisema anaenda Kitale kupumzika kwangu, hakuniomba ruhusa. Mume wangu na mama yake wakatangulia na pikapu yetu.

Nilipokuwa nikigeuza, baba mdogo alikuja mbio kidogo kando ya dirisha. "Nibebe mpaka Bungoma mjini," akasema. "Nina shughuli huko." Akazunguka, akafungua mlango wa kushoto.

"Pamekaliwa," senge akamwambia.

Akanitazama mimi. Nikamwonyesha nyuma kwa kidole gumba, kule vilikopanda vitunguu na matofali miaka yote. Akapanda. Nilimwona kwenye kioo akitandika koti lake akalikalia, ameshika ubao kwa mikono miwili, mzee wa watu. Nilipoingia barabarani akaanza kugonga paa nipunguze mwendo, nami sikuwa nimepita hata gia ya pili.

Niliendesha kwa mikono miwili na mabega, kama nilivyofundishwa. Wa kushoto niliushusha kwenye gia tu kila ilipobidi, kisha nikaurudisha juu. Chini kushoto, pale palipolika kwa mkono wa baba, sikupagusa mpaka Kitale.